Mahadhi Yaliyohama: Alfredo Catalani na Opera ya La Wally

Uhakiki wa opera ya Italia humtaja Alfredo Catalani kama kivuli cha Giacomo Puccini. Wote wawili walizaliwa Lucca, Catalani mwaka 1854 na Puccini mwaka 1858, na wote walifunzwa na Fortunato Magi, mjomba wa Puccini. Puccini alipata ufanisi wake mkubwa wa kwanza kwa Manon Lescaut mnamo Februari 1893. Agosti mwaka huohuo Catalani alifariki kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 39. Makala haya yanadai kwamba ulinganisho huo unatuficha sifa ya msingi ya Catalani, yaani ustadi wa kuirudia kazi yake mwenyewe na kuipa maana mpya.

Ithibati ya kwanza ni Elda, iliyoonyeshwa Turin mwaka 1880, ambayo aliisuka upya ikawa Loreley mwaka 1890. Ithibati iliyo nzito zaidi imo katika La Wally, iliyoonyeshwa La Scala, Milan, Januari 20, 1892. Luigi Illica aliandika matini yake kutokana na riwaya ya Wilhelmine von Hillern. Wally, binti wa milima ya Tyrol, anakataa kuolewa na Gellner aliyechaguliwa na babaye, kwa kuwa anampenda Hagenbach. Anapofukuzwa nyumbani anaimba kwamba atakwenda mbali, peke yake, kama mwangwi wa kengele unavyopotelea thelujini.

Muziki wa wimbo huo haukutungwa kwa ajili ya Wally. Catalani aliutunga mwaka 1878 kwa maneno ya Kifaransa ya Jules Verne, katika wimbo kuhusu Greenland. Je, huo ni uvivu wa mtunzi? Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hatashangaa, kwani anajua kuwa mahadhi mamoja huweza kubeba tenzi nyingi. Hata hivyo, mlingano huo una mpaka. Mahadhi ya utenzi ni mali ya jamii, nayo hayafungamani na tukio moja. Kwa Catalani, muziki uliozaliwa katika nchi ya barafu unaletwa kwa mhusika ambaye theluji ndiyo itakayomuua: katika tendo la nne poromoko la theluji linamchukua Hagenbach, naye Wally anajitupa kumfuata. Kwa hiyo wimbo wa kuaga katika tendo la kwanza ni utabiri, na taswira ya theluji inaunganisha mwanzo na mwisho.

Udhaifu wa opera hii uko kwingine. Wally anadhalilishwa kwa busu lililotokana na dau, anamtaka Gellner amuue Hagenbach, kisha anajuta, yote hayo kwa kasi ambayo matini ya Illica haiitayarishi vya kutosha.

Leo wengi wanaujua wimbo huu kupitia filamu ya Diva ya mwaka 1981, bila kuijua opera yenyewe. Umaarufu huo umeuhifadhi wimbo na kuupunguzia maana, kwa kuwa aliyeusikia peke yake husikia huzuni tu, hali aliyeisikiliza opera nzima husikia pia kifo kikiitwa kwa jina lake. Haki ya Catalani ianzie hapo: asomwe ndani ya kazi zake, si pembezoni mwa kazi za Puccini.