Mapishi Yanayoanzia Katikati: Mkate wa Jibini Ukifika Izigo

Mapishi ya mkate wa jibini yanayozunguka mitandaoni kwa Kiswahili karibu yote yana sura moja. Chukua slesi mbili za mkate. Paka siagi upande wa nje. Weka jibini katikati. Kaanga pande zote mpaka rangi iwe ya dhahabu. Tenga ukiwa wa moto. Sentensi tano, video ya dakika moja, na mwishoni mtu anavuta vipande viwili mbele ya kamera ili nyuzi za jibini zionekane.

Nimeyatazama mengi na kuyapika baadhi, na nina neno juu yake. Tukiyasoma kama tunavyosoma maandishi mengine yoyote, mapishi haya ni hodari katikati na dhaifu pande zote mbili. Hayasemi kilichotangulia sentensi ya kwanza, wala kinachofuata baada ya ile ya mwisho. Anayepika mjini, mwenye friji na duka kubwa mtaa wa pili, anaweza asiyaone mapengo hayo. Ukipika Izigo unayaona kabla hujawasha moto.

Izigo ni kata ya Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera: nchi ya migomba, kahawa, maharage chini ya migomba, na ng'ombe wachache ambao samadi yao ndiyo imelisha vibanja hivyo kwa vizazi. Dukani utapata mkate wa slesi kwenye mfuko wa nailoni, majarini, mayai na chumvi. Jibini usitegemee. Ukiuliza kwa jina lake la mjini, chizi, utachekwa kwanza, maana chizi ni mtu aliyerukwa na akili, na mwenye duka ana haki ya kukuuliza unamtaka chizi yupi. Kwa hiyo jibini huja na mtu: aliyetoka Bukoba mjini, Mwanza au Dar es Salaam, limefungwa kwenye gazeti ndani ya begi, na mwenye begi anaomba basi lisichelewe.

Hapo ndipo pengo la kwanza lilipo. Mtu wa haraka atasema hatuna jibini kwa sababu mababu zetu hawakulijua. Hoja hiyo haina uzito. Swali lililowakabili wafugaji wa kila mahali ni moja: maziwa yanaharibika, tuyahifadhije? Wa Ulaya wengi walijibu kwa jibini. Wa ukanda huu wa Maziwa Makuu walijibu kwa samli. Maziwa yaligandishwa, yakasukwa ndani ya kibuyu mpaka siagi ikajitenga, siagi ikachemshwa mpaka maji yakaisha, na kilichobaki kikakaa miezi bila friji. Jibini gumu lilidai vitu vingine: kimeng'enya, ambacho kwa asili kilitoka tumboni mwa ndama anayenyonya, na chumba chenye ubaridi wa kulikomazia. Mwenye ng'ombe wawili hachinji ndama ili ahifadhi maziwa.

Tena kuna hesabu. Kilo moja ya jibini gumu huchukua takribani lita 10 za maziwa. Ukiweka gramu 30 katikati ya slesi mbili, umeweka maziwa ya kikombe kizima, mililita 300 hivi. Ile sentensi nyepesi ya "weka jibini katikati" ni kikombe cha mtoto kilichomiminwa ndani ya mkate. Sisemi ni dhambi. Nasema mwandishi wa mapishi alipaswa kulijua hilo, kwa sababu msomaji wake wa Izigo anamfahamu ng'ombe kwa jina na anajua asubuhi alitoa kiasi gani.

Wala si kwamba milima yetu haiwezi. Ng'ambo ya Rwanda, huko Masisi, Kivu Kaskazini, wafugaji wanaozungumza Kiswahili wamekuwa wakitengeneza jibini la magurudumu madogo linalouzwa Goma na lililokuwa likisafirishwa mpaka Kinshasa. Kazi hiyo ililetwa na mapadri kutoka Ulaya miaka ya 1970, wenyeji wakaichukua ikawa yao. Vita viliwapora ng'ombe, nao walirudi kukamua. Kwetu Tanzania, Njombe na Lushoto zinajulikana kwa jibini. Jibini hufuata mahali penye ubaridi, maziwa ya ziada na mtu aliyefundishwa kazi. Vitu hivyo vitatu vikikutana Kagera, tutalila la kwetu.

Katika mpito huo chakula hiki kimepotoshwa hadhi. Kwenye menyu za hoteli zetu kinakaa jirani na baga, kwa bei ya mgeni, na kijana wa Izigo akikipika anaonekana anaringa. Kwao Marekani kina historia nyingine. Mwaka 1916 James L. Kraft alipata hataza ya jibini la kusindikwa, lililopikwa upya ili likae muda mrefu bila kuharibika. Mwaka 1928 mashine ya Otto Rohwedder ikaanza kukata mikate huko Chillicothe, Missouri, na slesi zikaingia madukani. Mwaka uliofuata uchumi ukaanguka. Mkate wa kiwandani na jibini la kiwandani, vyote vya bei ya chini, vikawa mlo wa familia zisizo na nyama. Chakula cha dhiki kilivuka bahari, kikashuka kwetu kimevaa suti. Anayekipika Izigo kwa kiburi na anayemcheka kwa kukipika, wote wawili wameisoma suti.

Sasa katikati, ambako nayasifu mapishi haya. Kanuni ya kupaka mafuta nje na kukaanga taratibu ni ya kweli, na uzuri wake ni kwamba inaongoza saa mbili kwa mkono mmoja. Mkate una saa yake: unataka kukauka na kupata rangi. Jibini lina saa yake: linataka joto la kulifikia ndani mpaka lilegee. Moto ukiwa mkali, saa ya mkate inakimbia, unapata kaa nje na kipande kigumu ndani. Moto ukiwa hafifu mno, mkate unakunywa mafuta na kulainika. Kufaulu ni saa zote mbili kugonga pamoja.

Jiko la mkaa, ambalo mapishi hayalitaji, linaijua kazi hii. Wakati wake ni baada ya sufuria ya ndizi kuipuliwa, makaa yamevaa majivu, na kiganja chako kinaweza kukaa juu yake kwa muda bila kuruka. Weka kikaango, funika, kisha palia makaa machache juu ya mfuniko kama wanavyopalia wali watu wa pwani. Joto linashuka na kupanda, jibini linalegea kabla mkate haujaungua. Mkate wetu wa dukani una sukari, kwa hiyo unashika rangi haraka; wa jana, uliokauka kidogo, ni bora kuliko wa leo. Jibini likunwe au likatwe jembamba.

Na mafuta yawe samli. Siagi ni mafuta kwa takribani asilimia 80. Iliyobaki ni maji pamoja na chembe za maziwa, na chembe hizo ndizo huungua na kuacha uchungu. Samli imekwisha kuvuka hatua hiyo sufuriani kwake. Inavumilia moto, inaupa mkate ukavu unaolia chini ya meno, na inaleta harufu ambayo mtu wa Kagera anaitambua kabla hajaingia ndani. Hapa majibu mawili ya swali lile la maziwa, samli na jibini, yanakutana kwenye kikaango kimoja, na kwa ladha sijaona hoja ya kuyatenganisha. Cha kushushia kiwe kahawa kavu. Mkoa unaolima robusta na wenye kiwanda cha TANICA pale Bukoba hauna sababu ya kutafuta mbali kitu kichungu cha kukata mafuta.

Kuna watakaouliza kwa nini tusibaki na vya asili. Nawaheshimu, ila naomba waanze na mgomba. Mgomba asili yake ni kusini-mashariki mwa Asia; ulifika kwetu zamani sana, ukapewa kibanja, samadi na majina, hata leo hakuna anayeuita mgeni. Chakula hukubaliwa kwa jinsi kinavyoingia katika maisha ya nyumba, na hapo ndipo pengo la pili linapouma.

"Tenga ukiwa wa moto." Nani atenge, na atembee hatua ngapi? Katika nyumba nyingi za kwetu jiko liko nyuma, mbali na sebule. Mgeni amekaa mbele, baba amekaa naye, watoto wanazunguka. Sufuria ya ndizi na maharage inalielewa jambo hili: ikifunikwa kwa majani ya mgomba inasubiri mgeni aliyechelewa, inaongezeka ukubwa wa macho ya mwenye kupakua, na mpishi naye anapata nafasi ya kukaa. Mkate wa jibini hausubiri mtu. Dakika tano tu, jibini linarudi kuwa gumu na mkate unatoka jasho. Ukiuweka kwenye hotpoti, inayowafaa sana ndugu zake chapati, unalainika kama uliolowa. Tena hupikwa mmoja mmoja, wawili wawili. Watu 8 sebuleni maana yake ni msichana mmoja anayekwenda na kurudi uani mara nne, na wa mwisho kula, kama atakula, ni yeye.

Hiki ndicho ninachokishutumu hasa katika mapishi haya. Yanaonyesha mikono miwili isiyo na mwili, halafu yanaagiza chakula kifike mezani kikiwa cha moto, kana kwamba mikono hiyo haina njaa.

Jamaa wa karibu wa chakula hiki walikwishalitatua tatizo hilo barabarani. Anayevuka Mutukula kwenda Uganda anaijua rolex, chapati iliyoviringwa na mayai: mlaji anasimama mbele ya jiko, anaona yai likipigwa, anapokea mkononi. Pale Forodhani, Zanzibar, piza ya Kizanzibari hukunjwa na nyama, yai na jibini juu ya kikaango mbele ya macho ya mnunuzi. Haikuomba ruhusa kwa Mtaliano, na nadhani ujasiri huo ni nusu ya utamu wake. Vyakula vya ukoo huu vinataka mlaji afuate moto. Vikibebwa kuelekea sebuleni vinafia njiani.

Kwa hiyo kwa shangazi yangu Izigo tuliuacha mkate pale pale ulipoivia. Kila ulioiva ulikatwa vipande vinne juu ya ubao, aliye karibu akachukua. Watoto walikuja kwanza, kisha wageni, na mwisho mjomba, mtu ambaye sikumbuki kumwona akila amesimama, akaegemea mhimili wa mlango na kipande mkononi, akauliza mwingine unaiva lini. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda, anatafuna. Aliyekuwa akigeuza mkate wakati huo ni mwanawe wa kiume.

Siudai mkate kwamba umebadilisha nyumba. Kesho yake ndizi zilipelekwa sebuleni kama kawaida. Nasema tu kwamba umbo la chakula lina amri ndani yake, na amri ya huu ni kwamba anayetaka kula vizuri aje alipo mpishi. Mapishi yetu yangeongeza sentensi mbili yangekuwa maandishi bora. Mwanzoni: uliza maziwa ya leo yamegawanywaje. Mwishoni, badala ya "tenga ukiwa wa moto": waite waje jikoni, na wewe kula kipande cha kwanza.