Maiki Isiyosikia Kila Kitu

Muuzaji wa Kariakoo akikusifia maiki ya kondensa, atakwambia inasikia kila kitu. Hasemi uongo, na kwa anayerekodi Mbagala au Tandale balaa linaanzia hapohapo. Utando wake mwembamba, unaolishwa volti 48 kutoka kwenye saundikadi, utamnasa mwimbaji pamoja na bodaboda, jogoo wa jirani na mvua juu ya bati.

Ndiyo maana nawapa heko maprodyuza wa uswahilini wanaochagua maiki kwa kile isichosikia. Chukua Shure SM58, iliyotoka 1966 na kuzoeleka majukwaani kote. Hiyo ni dainamiki: utando wake umebeba koili ndani ya sumaku, hivyo ni mzito na hauhangaiki na kila mlio. Tena nyuma ni kiziwi. Fundi hodari hakimbilii kompyuta. Kwanza anaelekeza mgongo wa maiki dirishani, mwimbaji akitazama dirisha hilo. Godoro linasimamishwa nyuma ya mwimbaji, kwa sababu ndiko uso wa maiki unakotazama. (Trei za mayai ukutani ni pambo tu, waacheni kuku na mayai yao.)

Kisha anamsogeza. Mwimbaji akitoka sentimita 30 kuja 15, sauti yake hupanda kwa takriban desibeli 6, na bodaboda inabaki palepale ilipokuwa. Gharama yake ni besi kunona na kila "p" kupiga kishindo, ndipo soksi ndefu ya kike inapovutwa juu ya duara la waya na kuwekwa kati ya mdomo na maiki. Kwenye singeli, ambako biti huvuka mapigo 200 kwa dakika na maneno yanamwagika bila kituo, "p" moja iliyopasuka inaweza kufunika mstari mzima.

Atakayeiona dainamiki kuwa maiki ya wasio na fedha akumbuke kwamba sauti ya Michael Jackson katika Thriller, 1982, ilipita kwenye Shure SM7, nayo dainamiki. Na Radio Tanzania, pale Barabara ya Pugu, bendi kama Mlimani Park zilirekodi kwa kupiga pamoja chumba kimoja. Katika hali hiyo, mahali aliposimama mpiga tarumbeta tayari ni nusu ya mikseri. Vijana wa studio ya Sisso, Mburahati, ambao kazi zao zilitolewa 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, hawakungoja jumba la kifahari ndipo dunia iwasikie.

Kondensa nayo ina zamu yake. Mpiga udi akitaka hata mkwaruzo wa kidole usikike, mwite saa nane usiku, bodaboda zimepungua, feni imezimwa, jasho linawatoka wote wawili. Ila fanyeni haraka, jogoo wa jirani hangoji alfajiri.