Moto Unaosoma Mara Moja

Kipande cha lithiamu floridi kinachopima mionzi ni kidogo: upande wake ni milimita 3.2, na unene haufiki milimita moja. Fundi aliyefunzwa vizuri hakigusi kwa kidole. Hukinyanyua kwa kibano, maana uchafu ukipata moto huharibu usomaji. Tena anajua kwamba moto unaotoa kumbukumbu ya mionzi ndio huohuo unaoifuta. Akizembea, hana pa kurudi.

Uhodari wake nauona hasa katika kukanza. Joto linapanda, na kwenye nyuzi 200 hivi mwanga unatoka, hafifu mno kwa macho yetu, lakini chombo kinaunasa na kuuchora kama mlima. Fundi anausoma mlima ule. Vilele vya mapema, vya joto dogo, hufifia upesi baada ya mionzi, kwa hiyo havitegemeki; kilele kikuu ndicho anachokiamini. Kisha kipande kinarudi tanurini, saa nzima katika nyuzi 400, halafu saa mbili katika nyuzi 100, ndipo kinafaa kuvaliwa tena. Mpishi wa halua anayekesha na kuni zake angemwelewa mtu huyu.

Mng'ao wenyewe umejulikana tangu kale. Mwaka 1663 Robert Boyle alilala na almasi kitandani, akaiona ikiwaka gizani kwa joto la mwili wake. Lakini ninaowaenzi zaidi ni Peter Bräunlich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, ambao katika miaka ya 1980 walikanza kwa leza ya kaboni dioksidi. Mwale wake, wa mikromita 10.6, hupasha moto doa dogo kwa milisekunde chache. Ukiupitisha juu ya utando mwembamba, doa baada ya doa, unapata ramani ya mahali mionzi ilipoangukia, wala si tarakimu moja tu.

Picha za hospitali zikashika njia nyingine, ya bamba linalosomwa kwa leza bila kukanzwa, na baadaye vigunduzi vya kidijitali. Mgonjwa amenufaika, silikatai hilo. Ila subira ile ya fundi imepungua. Siku hizi beji ya mionzi, inayobeba kipande kama kile, wakati mwingine huachwa kwenye koti lililotundikwa chumba cha eksirei, na tarakimu itakayosomwa haimhusu mtu yeyote. Wewe unayepewa beji hiyo, ivae kifuani, na uirudishe kwa wakati.