Mkono Uliomchora Juha Kalulu

Sokoni Katito mandazi hufungwa kwa gazeti la jana, na vichekesho vyake hupotelea humo. Kwa miaka mingi Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo. Kila msomaji aliona humo ujinga wa jirani, kisha wake mwenyewe. Lakini gazeti latuonyesha kazi iliyokwisha tu. Karatasi aliyoishika mchoraji huonyesha zaidi: alama za penseli, rangi nyeupe iliyofunika kosa, uso uliochorwa upya ili ucheke vizuri. Hapo mhakiki huona jinsi kicheko kinavyotafutwa kwa jasho. Basi, azikusanyaye karatasi hizo hakusanyi takataka, bali ushahidi. Twatunza miswada ya washairi. Mbona twaitupa ya wachoraji? Mali bila daftari hupotea bila habari.