Joshua hakuwa mnafiki, na hapo ndipo penye shida

Kila nikisema ninarudia kusoma Njia Panda ya Ngũgĩ wa Thiong'o, mtu huniambia: aa, si ni ile ya mhubiri mnafiki? Hata mimi nilifunzwa hivyo sekondari. Juzi nimeimaliza tena hapa Wiyoni, nje ya nyumba yetu, boriti za mikoko zikishushwa jahazini, na naona tulidanganyana. Joshua si mnafiki hata kidogo. Angekuwa mnafiki, huenda binti yake angekuwa na baba hadi pumzi ya mwisho.

Kama hujaisoma: riwaya ilitoka kwa Kiingereza 1965, jina jaladani likiwa bado James Ngugi. Makuyu na Kameno zinatazamana, Mto Honia katikati. Joshua anahubiri Makuyu. Muthoni, bintiye aliyelelewa na Biblia, anatoroka akatahiriwe, maana anataka kuwa mwanamke kamili kwa mila za watu wake na bado abaki na Yesu wake. Kidonda kinamwua. Anafia hospitali ya misheni huko Siriana, akisema amemwona Yesu. Baba yake alishamfuta zamani.

Nyuma ya hadithi kuna ugomvi wa kweli. Mwaka 1929 wamisheni wa Kanisa la Skoti na wenzao waliwataka Wakristo wa Kikuyu waikane tohara ya wasichana. Wengi waligoma, wakatoka, wakaanzisha shule na makanisa yao.

Sasa jambo gumu. Kuhusu kisu, Joshua alikuwa sawa. Sheria ya Kenya ya 2011 inapiga marufuku ukeketaji, na mimi naiunga mkono bila ati wala lakini. Kwa hivyo hatuwezi kusoma kivivu, mila nzuri huku, dini mbaya kule. Mtu anaweza kuwa sawa juu ya jambo na akakosea kabisa juu ya mtoto wake. Joshua ana amri, na amri inamfanyia kazi yote: haulizi kwa nini Muthoni alitoroka, haendi Siriana, hakosi usingizi. Imani yake imenyooka kama rula, na rula haijui kulia.

Hili linanigusa. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Tulihamia Wiyoni kutoka Mpeketoni baada ya mashambulizi ya Juni 2014, watu zaidi ya 60 walipouawa pale na vijiji vya karibu, wengine baada ya kuulizwa dini yao. Mama mmoja Mwislamu alitupangisha chumba. Swali lake la kwanza lilikuwa kama tumekula. Baba alisema, "Mwanangu, hiyo ndiyo injili," na mpaka leo sijasikia mahubiri yanayoishinda sentensi ile.

Lakini nilipoacha chuo mwaka wa pili, kisha nikaacha na ibada, Baba hakunifukuza wala hakupiga kelele. Aliacha tu kunitaja kwenye sala ya chakula. Ndugu zangu anawaombea mmoja mmoja, akifika kwangu anasema amina. Ndiyo maana sitaki Joshua aitwe mnafiki. Mnafiki ni rahisi kumdharau. Mtu anayeamini kweli kwamba kukuacha ni kumtii Mungu, huyo utafanya naye nini?

Na hapa ndipo ninapogombana na Ngũgĩ. Hatuingizi chumbani kwa Joshua usiku baada ya msiba. Tunaonyeshwa ugumu wake na kimya cha mkewe, Miriamu, basi. Muthoni ameuliza swali kubwa kuliko yote kitabuni, kwamba je, naweza kumfuata Kristo bila kuwakana watu wangu? Halafu anakufa mapema, nasi tunakimbizwa kwenye shule za Waiyaki na njama za Kiama. Waiyaki mwenyewe analifikia swali hilo baadaye, ila kwake limekuwa hoja. Kwa Muthoni lilikuwa mwili.

Mwaka 1970 Ngũgĩ alisimama mbele ya mkutano wa Kanisa la Presbyterian akasema yeye si Mkristo, wakati bado anaitwa James. Baadaye jina nalo akaliacha. Namheshimu kwa hilo, na mimi mwenyewe nimechagua mlango uleule wa kutokea. Lakini Muthoni alikataa kutoka upande wowote, na kila nikirudia kitabu naona yeye ndiye aliyekuwa jasiri kuliko sisi wote, ingawa njia aliyoichagua ilimwua.

Kisome, hasa kama nyumbani kwenu kuna chakula kinacholiwa kimya. Nakala yangu niliisahau mezani makusudi. Baba ameichukua, anasoma na penseli mkononi. Jana alikuwa amefika pale Muthoni anapotoroka. Sijamwambia mwisho wake.