"Chumvi Kavu" ni Ipi? Uhakiki wa Istilahi za Vipimo

Mwalimu mmoja wa kemia wilayani Muleba ametuletea karatasi ya mazoezi iliyofasiriwa kwa Kiswahili, akitaka tuamue jambo moja. Karatasi hiyo yasema: "Tengeneza lita moja ya mmumunyo wa mrututu wa asilimia moja kwa hesabu ya chumvi kavu." Baadhi ya wanafunzi walipima gramu 10 za mrututu, wengine gramu 15.6, na kila upande ukashikilia kuwa umetii maneno yaliyoandikwa. Tumeisoma karatasi kwa makini. Rai yetu ni kwamba wanafunzi hawana lawama. Kosa ni la istilahi.

Mrututu wa kawaida, yaani salfeti ya shaba, ni chembe za buluu. Ukizishika ni kavu kabisa. Hata hivyo ndani yake mmefungwa maji, molekuli tano kwa kila fomula moja ya chumvi. Zikipashwa moto vya kutosha, maji hayo hutoka na kubaki unga mweupe. Uzani wa fomula ya chembe za buluu ni 249.7, na wa unga mweupe ni 159.6. Gawanya ule wa kwanza kwa wa pili, utapata 1.56. Basi anayehitaji gramu 10 za unga mweupe, naye hana ila chembe za buluu, atapima gramu 15.6, kisha ataongeza maji hadi ujazo ufike lita moja. Akipima gramu 10 tu, mmumunyo wake utakuwa wa asilimia 0.64 kwa hesabu hiyo.

Kwa hiyo "chumvi kavu" halifai, maana chumvi zote mbili ni kavu. Wala "chumvi ya maji", lililotumika ukurasa wa pili, halifai: msomaji atadhani ni chumvi iliyolowa. Mfasiri ameyatazama maneno ya kigeni, asikitazame kitu chenyewe.

Laiti angalipita kwenye mizani ya kahawa huko Bukoba, angalipata funzo. Mkulima wa huko hasemi "kahawa" akanyamaza. Husema "kahawa ya maganda" au "kahawa safi", kwa kuwa ajua kilo ya maganda ikikobolewa hutoa karibu nusu yake tu. Jina lataja kinachopimwa. Kwa mfano huo twapendekeza "chumvi yenye maji ya fuwele" na "chumvi isiyo na maji ya fuwele". Ni ndefu, twakiri. Lakini urefu usiopotosha ni bora kuliko ufupi upotoshao.

Lipo jambo la pili. Asilimia iliyoachwa peke yake haitoshi. Mchanganyiko wa Bordeaux, unaonyunyiziwa mimea dhidi ya magonjwa ya ukungu, kwa desturi huhesabu chembe za buluu zenyewe: asilimia moja ni gramu 10 za mrututu kwa lita, pamoja na chokaa. Bwana shamba akizidisha kwa 1.56 akidhani anasahihisha, atapita kipimo na huenda akaunguza majani. Hospitalini vilevile, sindano ya chumvi ya haluli ya asilimia 50 huhesabu chumvi pamoja na molekuli zake saba za maji. Atakayeihesabu kama chumvi isiyo na maji ya fuwele atakosea kipimo kwa zaidi ya mara mbili, na hapo si majani tena yatakayodhurika.

Wapo watakaosema kuwa fomula yatosha. Yamtosha mwanakemia. Karani wa bohari, mkulima na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husoma maneno.

Tumsifu mfasiri kwa kulitumia neno "mrututu", ambalo wananchi wanalo tangu zamani, badala ya kubuni jingine. Sentensi yake tungeiandika hivi: "Tengeneza lita moja ya mmumunyo wa mrututu wa asilimia moja, uzani kwa ujazo, kwa hesabu ya chumvi isiyo na maji ya fuwele. Tumia chembe za buluu." Mwanafunzi atakayeisoma hivyo atajua cha kupima kabla hajaigusa mizani.