Pongezi kwa Waandishi wa Barua za Mapenzi

Nawapongeza walioandika mapenzi kwa mkono, herufi kwa herufi, wakijua kosa moja la wino litadai karatasi mpya. Kazi hii ina ukoo mrefu pwani yetu. Barua za Kiswahili za kale zaidi zinazojulikana ni za Kilwa, za mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu. Zile zilihusu siasa, lakini adabu ya kutanguliza salamu wapenzi nao waliishika.

Wanafunzi wa shule za bweni waliongeza yao: karatasi ya katikati ya daftari ing'olewe taratibu, ua lichorwe pembeni, poda inyunyizwe kabla ya kukunja. Aya ya kwanza ilimjulia hali mpendwa. Dhumuni la barua lilisubiri ya pili. Naipenda sana subira hiyo.

Halafu sanduku la posta. Kwa kuwa barua hazikuletwa mlangoni, ya binti ilipitia sanduku la baba yake au la shule, na huko iliweza kufunguliwa. Ndipo ufundi ulipozidi: mvulana alijipa jina la kike, akasema kwa mafumbo, au akamkabidhi bahasha kondakta wa basi. Asiyejua kuandika alimwendea mwenye mwandiko mzuri, naye akaandika na kutunza siri. Huyo namstahi kuliko wote.

Ujumbe wa simu hufika upesi, na hufutika upesi vilevile. Kama unazo barua za zamani, usizichome. Na kama yupo umpendaye, mwandikie ukurasa mmoja, kwa kalamu, wiki hii.